Kaimati za Bi Ngiri

Paukwa.

"Pakawa!"

Mmeitika kivivu, lakini nami nimeita kivivu, basi hatudaiani. Mbwana, sogeza hicho kigoda, usiukalie moshi. Sikudhani, mkunjie mdogo wako miguu asije akaiunguza. Bibi yenu leo amefua tangu asubuhi, na mgongo huu nilionao nahisi nimeazimwa. Kwa hiyo hadithi ya leo ni ya waliochoka. Atakayelala katikati simwamshi.

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakipika na vyombo vilipokuwa vikisema, palikuwa na bonde. Bonde lile lilikuwa na mto, na mto ulikuwa na tabia yake. Masika ulijaa, vuli ulijaa, lakini kila baada ya miaka kadhaa ulikauka mpaka mchanga ukaonekana. Ukikauka, hapakuwa na mjadala. Kila mnyama alifunga virago, akapanda Mlima Kombe, akashuka upande wa pili kwenye ziwa lisilokauka. Aliyeweza kupanda alikunywa. Asiyeweza, haya, Mungu amrehemu.

Katika bonde hilo aliishi Bi Ngiri. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mnene na mcheshi, na ukame uliopita alipanda mlima mpaka kwenye jiwe la pili la njiani, akaishiwa pumzi, akalala chini. Bi Ngiri alimvuta mkia, akamsukuma kwa pua, akamlilia. Hakuamka. Bi Ngiri akaenda kunywa maji ya ziwa peke yake.

Tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kucheka sana. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule usioisha kwa kulala.

Basi mvua zikanyesha vizuri miaka mitatu. Majani yakawa marefu, wanyama wakala, wakalala, wakanenepa. Aliyewapita wote ni rafiki yake Bi Ngiri, yaani Bi Kiboko, ambaye walikuwa wakiitana somo. Bi Kiboko alinenepa mpaka akawa akitoka mtoni anapumzika mara tatu kabla ya kuyafikia majani. Bi Ngiri akimtazama anaona jiwe la pili. Akajisemea, "Na huyu naye nije nimvute mkia?"

Akafyeka uwanja chini ya mlima. Akapanga mawe ya kuinua, madogo kwa makubwa. Akalaza gogo la kuruka. Akachora duara la kukimbia. Kisha akatangaza bonde zima, "Jamani, mto hautajaa milele. Njooni tufanye mazoezi tuweze kupanda. Ada ni kijiti kimoja cha kuni."

"Kama jimu ya mjomba Hamadi, Bibi?"

Ndiyo, Mbwana, kama jimu ya mjomba wako, ile ya bei nafuu yenye feni moja. Na ya bei ghali ilikuwapo pia, juu ya jabali, kwa Bwana Duma. Huko ada ilikuwa mzinga mzima wa asali, na ukimaliza mazoezi unapewa maji yenye kipande cha ndimu. Waliokwenda kwa Duma ni swala na paa, ambao hata hawakuwa na haja ya kwenda. Wanene na wachovu walikwenda kwa Bi Ngiri.

Siku ya kwanza walikuja kumi na wawili. Alikuja Kifaru, alikuja Pundamilia, alikuja Nyumbu, alikuja Bwana Nyani ambaye kila penye watu yeye ndiye msemaji. Bi Kiboko hakuja. Wakainua mawe, wakaruka gogo, wakazunguka duara. Jasho likawatoka. Bi Ngiri akasema, "Ahsanteni sana, tukutane kesho."

Hakuondoka mtu. Walikaa kwenye majani, miguu wameinyoosha, wanamtazama.

"Jamani, mnangoja nini?"

Wakatazamana. Kisha, polepole, kwa adabu, wakaanza kuimba.

*Jasho limeshatutoka, chungu chetu kiko wapi?*
*Jembe limepumzika, chungu chetu kiko wapi?*

Imbeni nanyi, msiniachie peke yangu.

"*Jasho limeshatutoka, chungu chetu kiko wapi? Jembe limepumzika, chungu chetu kiko wapi?*"

Vizuri. Bwana Nyani akasimama, akajifuta uso. "Bi Ngiri, sisi hatuna neno baya. Ila tangu enzi za babu zetu, watu wakiitwa mahali wakatoka jasho pamoja, mwenye shamba huwapikia. Ujima ni ujima. Umetuita, tumekuja, jasho limetutoka. Tunaulizia chungu tu."

"Lakini hamkunilimia shamba," akasema Bi Ngiri. "Mmeinua mawe mkayarudisha palepale. Miili mliyoinyoosha ni yenu wenyewe."

"Hayo ya shamba la nani sisi hatuyajui," akasema Nyani. "Tunajua jasho."

Mnacheka. Lakini kwao kumwita mtu akatoka jasho, kisha ukamwacha aende zake na njaa, ilikuwa aibu kubwa kuliko wizi. Jina la uchoyo likikuganda halibanduki, hata wanao wataitwa watoto wa mchoyo. Na Bi Ngiri alilelewa humohumo. Mama yake aliwapikia watu wa ujima mpaka alipofariki. Kichwani alijua kwamba Nyani anakosea, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kushika sufuria. Akapika uji wa mtama, mwembamba, hauna sukari. Wakanywa, wakashukuru, wakaenda.

Uji ulidumu siku saba.

Siku ya nane wakainua mawe, wakaruka gogo, wakazunguka duara, wakakaa, wakaimba. Uji ulipoletwa, Bwana Nyani akauchungulia kibuyuni. "Bi Ngiri, sisi hatuna neno baya. Ila uji ni wa wagonjwa na wazazi. Mama yako, Mungu amlaze pema, ujima wake ulikuwa na kaimati. Wazee wetu wanazitaja mpaka leo."

Na hilo Bi Ngiri alijua ni kweli. Karai la mama yake lilikuwa limeangikwa ukutani, jeusi, limejaa vumbi. Alipofika nyumbani akalishusha.

"Umenishushia nini?" akauliza Karai, maana siku zile vyombo vilisema.

"Tukakaange kaimati."

"Za nani?"

"Za wenye jasho."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakula baadaye."

Karai akaguna. "Mama yako naye alikuwa akisema hivyohivyo. Haya, nioshe basi."

Tangu hapo Bi Ngiri akawa anaamka kabla ya jogoo wa kwanza. Anakanda unga, anaufunika kando ya jiko uumuke. Anapasua kuni. Anachota maji. Anakwenda kuwaomba nyuki asali, na nyuki mnawajua, hawatoi bila kukutia alama. Jua likichomoza yuko uwanjani, anahesabu pumzi za watu. Jasho likiwatoka yuko jikoni, anakaanga, Karai analia chwaa, chwaa, na kaimati zinatoka nyekundu, zinarowekwa kwenye asali mpaka zinang'aa.

Harufu ikashuka bondeni, ikaenda mpaka mtoni, ikamwingia Bi Kiboko puani.

Kesho yake Bi Kiboko akaja uwanjani. Alipumzika mara tatu njiani. Alizunguka duara mara moja, akala kaimati tisa, akarudi kwake. Kesho yake akaja tena. Bi Ngiri alipomwona anatokea kwenye majani, anahema, jasho linamtiririka, alifurahi. Alifurahi hasa, kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe.

Lakini wanangu, furaha hiyo haikwenda mbali. Kila siku kaimati ziliongezeka na jasho likapungua. Kifaru akawa anainua jiwe dogo kuliko yote, analitua, anasema limemtosha. Pundamilia alikuwa anapitia mtoni kujimwagia maji kifuani ili aonekane amelowa. Nyumbu alikuja wakati wa kula tu, akidai ameshakimbia nyumbani kwake. Wimbo ukawa unaanza kabla ya mazoezi.

*Jasho limeshatutoka, chungu chetu kiko wapi?*

"Lakini halijawatoka, Bibi."

Halijawatoka, Sikudhani, ila mdomo haujui kungoja. Na Bi Kiboko, yule aliyekuwa anapumzika mara tatu akija, sasa alikuwa anapumzika mara nne akirudi, kwa sababu ya shibe.

"Si angefunga jiko?"

Ndivyo alivyofanya. Siku moja alikuwa anageuza kaimati, akaona giza machoni, mwiko ukamponyoka. Karai akamwambia, "Zinaungua, mwanangu." Bi Ngiri akakaa chini kwenye majivu. Akawatazama wale watu wake wamelala chali uwanjani, matumbo juu, asali midomoni. Akajiambia, "Nimefungua uwanja ili wasife, nami ndiye ninayewalisha kifo chao kwa mikono yangu." Akamwaga maji kwenye moto.

"Kuanzia leo hakuna kaimati," akawatangazia. "Ni mazoezi tu."

Waliimba. Bi Ngiri aliinamisha kichwa. Waliimba tena. Hakuinuka. Basi wakaondoka mmojammoja wakinong'ona, na neno mchoyo alilisikia, kwa sababu lilinong'onwa ili alisikie.

Kesho yake walikuja watatu. Keshokutwa alikuja mmoja, Nyumbu, kuulizia kijiti chake cha kuni.

Bi Ngiri akaenda kulala. Alilala siku mbili mfululizo, na nisiwafiche, alilala vizuri. Siku ya tatu moyo ukaanza kumsuta. Akaenda mtoni. Akamkuta rafiki yake amelala majini, pua tu ndizo zinazoonekana.

"Hodi, somo."

"Karibu. Nipo, sijafa."

"Mbona huji uwanjani?"

"Kuna nini huko?"

"Kuna mazoezi. Kuna uhai wako."

Bi Kiboko akatoa kichwa, maji yakamchuruzika. "Somo yangu, sikudanganyi. Nilikuwa nakuja kwa ajili ya kaimati. Wengine watakwambia walifuata afya, mimi afya siijui. Nimezaa watoto sita, wote wamehamia mito mingine, na hakuna hata mmoja anayepita kunijulia hali. Siku yangu ni maji na majani, majani na maji. Kitamu kilikuwa kile kimoja. Kwa hicho kimoja nilitoka humu, nikatembea, nikahema, nikafika kwako. Umekiondoa. Sasa nitembee niende wapi?"

Bi Ngiri alikuwa amekuja kugombeza, lakini maneno ya ugomvi hakuyaona tena. Alikaa kwenye matope karibu na rafiki yake, wote wawili wakatazama mto. Ndipo alipoona kwamba ukingoni, mahali palipokuwa na maji wiki iliyopita, sasa pana mchanga. Mto ulikuwa umeanza kurudi nyuma.

Akakimbia nyumbani. Akamwambia Karai, "Nikipika wananenepa. Nisipopika hawaji. Na mto unakauka. Nifanyeje?"

Karai akasema, "Mimi ni chombo tu, kazi yangu kukaanga. Lakini enzi za mama yako nilikuwa nakwenda mashambani. Unajua nilikuwa natelekwa wapi?"

"Wapi?"

"Mwisho wa ngwe. Kila mtu alipewa ngwe yake, kipande chake cha kulima, na mimi natelekwa kule ngwe inakokwisha. Watu wanalima huku harufu inawaita. Hakuna aliyepelekewa chungu mwanzo wa ngwe. Wewe umeshika desturi, lakini umeishika kwa mkia. Umeniteleka palepale watu wanapokaa."

Bi Ngiri akafikiri mpaka jiko likapoa. Kesho yake, kabla ya jogoo wa kwanza, akajitwika Karai mgongoni, akabeba unga, akabeba mafuta ya ufuta, akabeba asali na kibuyu cha maji na mzigo wa kuni, akapanda Mlima Kombe mpaka kwenye jiwe la kwanza. Akawasha moto. Hakumwita mtu. Karai akaanza, chwaa, chwaa, na upepo ukachukua harufu ukaishusha bondeni.

Wa kwanza kufika alikuwa Bwana Nyani. "Bi Ngiri, sisi hatuna neno baya, ila mbona huku juu?"

"Ngwe imeishia hapa," akasema Bi Ngiri.

Nyani akakaa chini kungoja. Ujima ni ujima, na hilo alilisema mwenyewe. Wakaja wengine wakinung'unika, Kifaru akipiga chafya, Pundamilia akiwa na jasho la kweli safari hii. Wakala. Mwisho kabisa, jua limekwisha kusimama utosini, wakamsikia Bi Kiboko anaita kutoka chini.

"Somo, miguu imegoma. Nishushie moja tu."

Kaimati zake zilikuwa zimewekwa pembeni, zimefunikwa jani. Bi Ngiri alizitazama. Alimtazama na rafiki yake kule chini, amekaa njiani, anatia huruma. Machozi yalimtoka. "Ngwe imeishia hapa, somo," akasema.

Bi Kiboko akatukana, matusi ambayo siwezi kuyasema mbele yenu. Kisha akainuka, akapanda. Akapumzika mara tisa. Akafika.

Basi ikawa hivyo. Siku tano jiwe la kwanza. Kisha Bi Ngiri akapandisha jiko mpaka jiwe la pili, akatelekea palepale alipolala mumewe, akakaanga huku analia, na watu wakadhani ni moshi. Siku tano nyingine akapandisha mpaka kwenye pango lililo juu zaidi. Siku tano nyingine akapanda karibu na kilele. Na kila aliyekula alisikia neno lilelile, ngwe imeishia hapa. Misuli ikawakaza. Vifua vikapanuka. Bi Kiboko akawa anapumzika mara tano, akawa anapumzika mara mbili, siku moja akafika bila kupumzika hata mara moja, akala kaimati nne tu, akasema zinatosha.

"Alishinda, Bibi."

Ngoja, Mbwana. Hebu niambieni, hilo Karai lilipandaje mlimani kila siku? Na unga? Na maji? Na kuni? Maana wale walileta kijiti kimoja kimoja, ada yao, wakajiona wamemaliza. Aliyebeba ni Bi Ngiri. Alipanda na mzigo, akakaanga, akagawa, akashuka na vyombo, akaosha, akaenda kwa nyuki, akakanda. Kaimati ya mwisho siku zote ilikuwa na mwenyewe. Yeye alikwangua magamba yaliyoganda kwenye karai, akayatafuna akiwa anatembea.

"Na wewe je?" akauliza Karai.

"Baadaye."

Wao walinenepa, kisha wakakonda vizuri, wakapata nguvu. Yeye alikonda mpaka mbavu zikahesabika, na kukonda kwake hakukuwa na nguvu yoyote ndani. Kuna watu wanasema kazi nayo ni mazoezi. Wanaosema hivyo hawajafua tangu asubuhi. Na hakuna aliyeona, hata mmoja. Mpishi haonekani, wanangu, kinachoonekana ni sahani. Mnanisikia ninyi mliokula leo?

"Tunakusikia, Bibi."

Haya. Siku ikafika mto ukakauka kabisa, matope yakapasuka. Bonde zima likafunga virago. Wakapanda Mlima Kombe. Wakapita jiwe la kwanza wanazungumza. Wakapita jiwe la pili wanahema kidogo. Wakapita pango. Hakulala mtu, hakubaki mtu, hata watoto wa nyumbu walipanda. Bi Kiboko alifika kileleni kwa miguu yake, ngozi imekauka na kupasuka kwa jua, akaona ziwa kule chini linang'aa. Wenzake walikwisha kutupa mizigo, wanateremka mbio, Nyani mbele.

Bi Kiboko akageuka kumwambia rafiki yake, "Somo, tumefika." Hakukuwa na mtu nyuma yake.

Akatazama chini. Mbali, karibu na pango, akaona kitu cheusi kinang'aa juani. Lilikuwa Karai. Na chini ya Karai alikuwapo Bi Ngiri, miguu ya mbele imekunjika, magoti yake yote mawili yako chini.

Mnajua kiboko na maji. Ngozi yake ilikuwa inamuuma pande zote. Alilitazama ziwa. Akaangalia nyuma. Akalitazama ziwa tena, kwa muda mrefu, sitaki niwadanganye kwamba hakulitazama. Kisha akashuka kule alikotoka.

"Umefuata nini?" akauliza Bi Ngiri. Sauti ilikuwa imekwisha. "Nenda kanywe, somo. Mimi nipo."

"Leo umekula nini?"

"Nitakula baadaye."

"Jana ulikula nini?"

Bi Ngiri akamweka Karai sawa mgongoni.

"Juzi?"

Bi Ngiri akatazama pembeni.

Bi Kiboko akamvua Karai mgongoni. Akaokota vijiti njiani. Akakung'uta mfuko wa unga, ukatoa konzi moja. Akamimina maji ya mwisho ya kibuyu, na midomo yake mwenyewe ilikuwa imekauka, lakini akayamimina yote. Akakanda kwa kwato zile kubwa, hakujua kukanda. Hakungoja unga uumuke. Akakaanga kwa mafuta yaliyobaki kwenye karai. Ikatoka kaimati moja, nzito, imeungua upande mmoja, katikati mbichi.

Karai akasema, "Mimi nimekaanga tangu enzi za mama yake, lakini hii sijapata kuiona."

"Nyamaza," akasema Bi Kiboko. "Kula, somo."

Bi Ngiri alitaka kuinuka ale kwa heshima, maana alifundishwa kwamba chakula cha mtu hakiliwi ovyo. Miguu ikakataa. Akala amepiga magoti. Akala taratibu, upande ulioungua na katikati pabichi, na machozi yakaanguka kwenye mdomo akala nayo. Tangu mama yake afe hakuna aliyewahi kumpikia kitu. Alipomaliza, Bi Kiboko akazunguka nyuma yake, akaweka pua, akasukuma. Alisukuma mpaka pango likapita, alisukuma mpaka kileleni, akamteremsha upande wa pili. Walikunywa wa mwisho, maji yamekwisha kuvurugwa na miguu ya wenzao.

"Kwa hiyo Bibi, kwenye jimu wauze vitu vitamu au wasiuze?"

Aa, Sikudhani, unauliza kama mwenyekiti wa kikao. Mimi nasema hivi. Mchovu naye ana haki ya kitamu chake, na anayemnyima akitaka awe mwembamba kwa nguvu atabaki na uwanja mtupu. Lakini kitamu kiwekwe mwisho wa ngwe, kisiwekwe mlangoni. Na anayekula, kabla hajanyoosha mkono kuchukua ya pili, amuulize mpishi amekula nini. Asikubali aambiwe baadaye.

Na ninyi mkipita porini mkamkuta ngiri analisha, mtazameni miguu. Anayo ya kumtosha, minne, mizima, lakini akitaka kula hupiga magoti ya mbele. Watoto wake hivyohivyo, wajukuu hivyohivyo. Watu husema ni shingo fupi. Shingo haina kosa. Wanaila tena ile kaimati mbichi, kila siku, namna ileile mama yao alivyoila.

Hadithi yangu imeketi hapo, nami nimeketi nayo.